Mzee akikonda au akinona, usiangalie sahani peke yake

Hii mambo imenikaa rohoni kwa muda, wacha niiandike tu. Kila nikienda mazishi ama harusi huko nyumbani nasikia watu wakisalimia wazee kwa mwili. "Eh baba, umeisha, sukari inakusumbua?" Ama "Mama, umenona, watoto wanakutunza!" Na inaishia hapo. Mwenye amekonda anaambiwa ni uzee, mwenye amenona anapongezwa, na hakuna mtu anauliza kama huyu mtu analala usiku, kama kuna kitu bado anafurahia, ama anakula na nani. Mimi niko na wawili kwa familia, baba yangu huko Luanda, Vihiga, na dada yake, senje wetu, mwenye anaishi Nakuru. Baba aliisha mpaka mshipi ukatobolewa shimo mpya na msumari. Senje akanona mpaka sare ya kina mama ya kanisa ikakataa kufunga. Na wote wawili walikuwa wagonjwa na kitu moja, depresheni, ule ugonjwa wa akili wa roho kuwa chini.

Nianze na baba. Alikuwa mwalimu wa praimari miaka mingi, mtu wa kuamka mapema, anasikiza habari za redio, anatembea mpaka kwa duka la rafiki yake kucheza drafti na vifuniko vya soda. Tangu mama atutoke hayo yote yakaanza kupungua moja moja. Sasa mjue wazee wa rika yake huko kwetu hawaingiangi jikoni, hajawahi kusonga ugali maisha yake yote, na kuku ikichinjwa imondo, yaani firigisi, ni yake na mwenye alikuwa anamwekea hiyo imondo ni mama. Kuna msichana wa jirani tunamlipa anakuja kumpikia, anapika vizuri kabisa, anafunika chakula kwa meza halafu anaenda kwao kabla giza. Mzee anabaki na sahani na ukuta. Ukimpigia simu jioni, "Baba, umekula?" "Nimekula." Kumbe amemega mara mbili tatu, hiyo ingine amepelekea mbwa. Yule msichana ndiye alimwambia dada yangu mdogo, akasema hiyo sufuria inarudi tupu lakini mbwa ndiye ananenepa.

Depresheni ya wazee inajificha hivyo. Kijana atakuambia niko na stresi, sioni maana ya maisha. Mzee atakuambia tumbo inajaa, mgongo unauma, chakula haina ladha, usingizi unakatika saa tisa usiku na haurudi tena mpaka jogoo. Hatasema ana huzuni, na wengi wa rika ya baba hawawezi kusema kitu kama hicho mbele ya mtoto wao hata umsihi namna gani. Kwa hivyo anatibiwa tumbo, anapewa dawa ya alsa, vidonda vya tumbo, anarudi, anatibiwa mgongo, anarudi tena. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 14 ya wazee wanaishi na ugonjwa wa akili wa aina fulani, na depresheni na wasiwasi ndizo zinaongoza. Hiyo ni kama mzee mmoja kati ya kila saba. Angalia viti vya mbele kanisani Jumapili ijayo uhesabu.

Mizani nayo haihitaji mambo mengi. Pale steji ya Luanda kuna jamaa huwa na mizani yake chini kando ya barabara, unampatia kakitu kidogo anakupima. Kitabu cha kliniki cha baba kilikuwa kinasema kilo 71 mwanzo wa mwaka, dada yangu akampitisha kwa yule jamaa wakitoka kanisa, na huo ni mwezi wa saba, mizani ikasoma 62. Hesabu yenye madaktari hutumia ni rahisi, mtu wa umri mkubwa akipoteza asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 mpaka 12 bila yeye kutaka, hiyo lazima ichunguzwe. Kwa mtu wa kilo 71 hiyo ni kama kilo tatu na nusu. Baba alikuwa amepoteza tisa. Na kuchunguza ni kuchunguza kweli kweli, TB, sukari yenyewe, thairoidi, saratani, meno, vidonda vya mdomo, dawa anazomeza, na pamoja na hizo zote depresheni, yenye kwa wazee ni moja ya sababu zinapatikana mara nyingi kabisa na ndiyo inaulizwa mwisho, kama inaulizwa.

Kitu kilinikasirisha, na bado kinanikasirisha nikiandika hapa, ni vile kwenye kliniki moja alikuwa anaenda kuchukua dawa za presha na sukari alikuwa anapongezwa. "Mzee umepunguza, kazi safi, endelea hivyo hivyo." Na juu ya hiyo kila mara anaongezewa kitu cha kukatazwa. Usile chumvi. Usile mafuta. Punguza ugali. Nyama nyekundu wacha. Maziwa iwe kidogo. Yeye ni mwalimu, akiambiwa na mtu wa koti nyeupe anafuata mpaka nukta ya mwisho, kwa hivyo ikafika mahali chakula chake ni strungi, chai bila maziwa, tena bila sukari, na mkate mkavu na mboga imechemshwa tu bila chochote. Hebu fikiria umefiwa na mke wako, chakula chenyewe tayari hakina ladha, alafu unakatazwa hata kale kadogo kenye kangekufanya ushike kijiko.

Najua sukari na presha ni vitu serious, sisemi mzee aachiliwe anywe soda. Nasema kwa mtu wa miaka 76 mwenye hana hamu ya kula, kumkataza vyakula bila kumwambia ale nini ni kumsukuma shimoni. Uzito wa uzeeni unahesabiwa tofauti na wa ujana. Kuna uchambuzi ulitoka 2014 ulikusanya watu karibu 198,000 wa miaka 65 kwenda juu, ukaonyesha wenye walikuwa na hatari kidogo ya kufa ni wale BMI yao, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, iko kati ya 24 na kama 30, na hatari ilianza kupanda ukishuka chini ya 23. Baba na urefu wake wa mita 1.72, kwa kilo 71 alikuwa na BMI ya 24, mahali pazuri kabisa. Kwa kilo 62 akawa 21. Kwa kijana 21 ni sawa, hakuna shida, lakini kwake zile kilo zilienda na misuli, na misuli ya mzee ikienda miguu inakosa nguvu, anaogopa kuanguka, anaacha kutoka, drafti inaisha, kanisa inaisha, na nyumba inazidi kumfinya.

Mwenye alitusaidia ni afisa wa kliniki mmoja mama, mtulivu, mahali pengine tofauti. Alimwambia dada yangu atoke nje kidogo akabaki na mzee, akamuuliza yale maswali tisa ya PHQ-9, ni dodoso la kupima depresheni la tangu 2001 na linaulizia wiki mbili zilizopita. Baadaye akatuonyesha ile karatasi na kuna swali moja lilinikaa sana, linauliza kama umekuwa ukikosa hamu ya kula ama unakula kupita kiasi. Yote kwa swali moja! Hapo nikamfikiria senje siku hiyo hiyo, nitarudi kwake. Kuna dodoso lingine la wazee peke yao linaitwa GDS, lilitengenezwa miaka ya themanini kule Marekani na daktari Yesavage na wenzake, majibu ni ndio au hapana, na hilo halina hata swali moja la chakula wala uzito. Waliacha makusudi kwa sababu mwili wa mzee uko na sababu zingine mob za kukonda. Linauliza umeacha shughuli zako nyingi? Unahisi maisha yako ni matupu? Unapendelea kukaa ndani kuliko kutoka? Haya ni maswali hata wewe mtoto unaweza kuuliza mkiwa mnachambua mboga pamoja, polepole, bila karatasi, alafu unyamaze umsikize. Kama majibu yanakutisha, mpeleke kwa mtu amesomea.

Kitu kingine huyo mama alifanya ni kuangalia dawa zote kwa mfuko, sio zile za hapo peke yake. Baba amemeza metformin, dawa ya sukari, miaka mingi na metformin ikitumika muda mrefu inaweza kushusha vitamini B12, na B12 ikishuka mtu anachoka, ganzi miguuni, kusahau, na roho kuwa chini. Akapimwa ikawa kweli iko chini akaanza sindano. Haikuwa hiyo peke yake lakini ilikuwa mojawapo, na hakuna mtu alikuwa amepima. Kama mzazi wako ako kwa metformin uliza.

Na ya depresheni pia akaandikiwa dawa. Hapa mtoto lazima aulize maswali bila kuogopa kuonekana mjuaji, juu hizi dawa zinagusa hamu ya kula kila moja kivyake. Fluoxetine inaweza kupunguza hamu, haswa mwanzo. Mirtazapine inaongeza hamu ya kula na usingizi. Amitriptyline ni bei rahisi na iko karibu kila mahali, lakini kwa mzee inaweza kukausha mdomo, kufunga choo, kumpatia kizunguzungu akisimama na kumwangusha. Mwambie daktari mzee amekonda ama amenona ndio achague akijua. Na zote zinachukua wiki kadhaa kushika, kwa hivyo usimwachishe juu wiki ya kwanza haujaona kitu.

Sasa chakula. Tulikaa na dada yangu na yule msichana tukapanga upya. Wataalamu wa lishe ya wazee wanasema mzee anahitaji kama gramu 1 mpaka 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kuliko hata mtu wa makamo, kama figo ziko sawa. Kwa baba hiyo ni zaidi ya gramu 60 na strungi na mkate haiwezi kufika huko hata nusu. Yai moja ni kama gramu 6, kikombe kikubwa cha maziwa ni kama 8. Kwa hivyo asubuhi ikawa uji wa wimbi na maziwa, mzito, na yai. Omena ikarudi, imekaangwa na nyanya na kitunguu na mafuta kidogo ya kueleweka, omena ni protini tupu na unaila nzima na mifupa kwa hivyo kalisiamu iko ndani, na hiyo B12 pia. Avokado kwetu inaanguka hadi ng'ombe wanakula, hiyo ni mafuta mazuri, nusu kwa kila lunch. Mrenda na kunde kwa sababu meno ya nyuma hayako na mrenda unateremka wenyewe. Ugali ya mtama na wimbi, kidogo, badala ya kukatazwa ugali kabisa. Na sukari yake ya damu haikuharibika, tulikuwa tunapima.

Lakini ukweli ni kwamba hiyo menyu yote ingeishia kwa mbwa kama isingekuwa Mzee wa duka. Dada yangu alienda akamwomba yule rafiki wa drafti awe anakuja kula lunch kwetu, chakula ni cha wawili, msichana anapakua kwa meza moja. Mara ya kwanza baba alikasirika, ati mnaniletea askari. Yule mzee akaketi tu, akanawa mikono, akaanza kula na kuongea juu ya mwalimu mkuu fulani wa zamani alikuwa anawasumbua, na baba akaanza kumkosoa, hapana, haikuwa hivyo, ilikuwa hivi, na katikati ya kukosoa akamaliza samaki. Msichana alinipigia simu kuniambia. Mtu akikula na mwenzake anakula zaidi, hiyo hata bila utafiti unajua ukikumbuka wewe mwenyewe unavyokula ukiwa peke yako kwa nyumba.

Utafiti wa chakula na depresheni uko, na wacha niuseme vile uko bila kuongeza chumvi. Mwaka 2017 Australia, Profesa Felice Jacka na wenzake walichukua watu wazima 67 wenye depresheni, nusu wakasaidiwa kubadilisha chakula kwa wiki 12, mboga, matunda, dengu na maharagwe, samaki, mafuta ya zeituni, nafaka nzima, nusu ingine wakapewa mtu wa kukaa na wao na kupiga stori. Kwa wale wa chakula karibu theluthi moja depresheni ilipungua mpaka ikatoka kwa kiwango cha ugonjwa, kwa wale wengine ilikuwa asilimia 8. Watu ni wachache na wengi hawakuwa wazee, na wengi walikuwa tayari kwa matibabu, kwa hivyo chakula kilisaidiana na dawa, hakikuchukua nafasi yake. Ukiangalia hiyo orodha, toa mafuta ya zeituni weka avokado, hiyo ni soko ya Luanda tu, ama Kibuye kama uko Kisumu kama mimi.

Kitu sitaki kuona ni mtu akiuzia mzazi wangu vidonge vya "kurudisha furaha" kwa maelfu. Wanakuja mpaka kwa vikundi vya kanisa, wako na mashine ya kushika mkononi eti inapima mwili mzima. Vitamini D ilijaribiwa Marekani kwa watu zaidi ya 18,000 wa miaka 50 kwenda juu, matokeo yakatoka 2020, haikuzuia depresheni. Ulaya nako 2019 walijaribu vidonge vya virutubisho mchanganyiko kwa watu elfu moja na kitu wenye uzito mkubwa, hakuna kitu. Kama kipimo kimeonyesha umepungukiwa, tibiwa hicho kitu. Kama hakuna kipimo, hiyo pesa nunua mayai.

Sasa senje. Yeye alistaafu kazi ya ofisi, watoto wako Nairobi na ng'ambo, akabaki kwa nyumba yake Free Area na TV. Magoti yalianza kuuma akapunguza kutembea, na alikuwa anaamka usiku anachemsha chai na mandazi kwa sababu hawezi kulala. Akaongezeka. Kliniki ikamwambia punguza uzito, akapewa karatasi imepigwa kopi mpaka haisomeki, next patient. Halafu siku moja sare ya kina mama haikufunga, akajaribu kuvuta zipu mpaka ikapasuka, na tangu hiyo siku akaacha kanisa. Alituambia magoti. Huku watu wakienda kumtembelea wanasema mama anakaa vizuri, amependeza, na yeye anatabasamu anawapakulia chai.

Hii ya uzito na depresheni inaenda pande zote mbili. Mwaka 2010 kuna uchambuzi wa tafiti 15 zilizofuata watu kwa miaka, jumla zaidi ya watu 58,000, wenye unene mkubwa walikuwa na uwezekano wa asilimia 55 zaidi ya kupata depresheni baadaye, na wenye depresheni walikuwa na asilimia 58 zaidi ya kuja kuwa na unene mkubwa. Kwa hivyo ukimwambia senje "punguza kula" umeshika mkia peke yake. Tena mzee akijinyima chakula kwa nguvu bila mazoezi anapoteza misuli pamoja na mafuta, anabaki mnyonge na magoti bado yanauma.

Kilichomsaidia kilianza na fundi. Mama mmoja wa kikundi chao alienda kumuona, akaona sare imetupwa kwa kiti imepasuka, hakusema kitu, akaichukua akampelekea fundi akaongeza kitambaa kwa mbavu zote mbili, akamrudishia imepigwa pasi. Jumapili akampitia. Wakatembea mdogo mdogo, si mbali. Sasa wanatembea hivyo asubuhi kadhaa kwa wiki, ako na daktari anamfuatilia kwa depresheni, usingizi umerudi kiasi na ile chai ya usiku imeisha yenyewe bila mtu kumkataza. Uzito umeshuka kidogo sana, na mimi hiyo hainisumbui, alikuwa haongei na sasa anapiga simu kuuliza habari ya kaka yake.

Baba amefika kilo 66 na wiki zingine anarudi nyuma, haswa ule mwezi mama alitutoka. Tunaendelea.

Kama uko na mzazi unaona hayuko sawa, mpime uzito kila mwezi kwa mizani ile ile uandike kwa kitabu, na ukienda hospitali beba hicho kitabu na dawa zote, hata zile za kununua dukani na za mitishamba. Na kuna maneno usiyapitishe. Mzee akianza kusema mimi nimemaliza kazi yangu, mtanizika hapa, akianza kugawa vitu vyake, akikataa chakula na maji kabisa, hiyo usingoje kliniki ya mwezi ujao. Mpeleke hospitali ya kaunti siku hiyo hiyo na mtu asimwache peke yake mpaka aonekane na daktari, na kama umekwama usiku hujui uanzie wapi, laini ya Msalaba Mwekundu Kenya ni 1199, ni ya bure.